Vitabu vya Likizo Yako, na Kimoja Nilichokibakiza

Karakana ya Kujalidi Vitabu,
Nyuma ya Posta.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi tu? Sisi ni wazima, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza huko chini. Usiruke kwenda kulitafuta. Nakujua, soma kwa mpangilio.

Barua yako niliipata. Unasema likizo hii ya kiangazi cha huko kwenu huji, umechoka, unataka kulala na kusoma, na nikuchagulie vitabu vya kila aina. Nilinuna siku nzima, kisha nikaingia kwenye rafu. Fundi wa kujalidi husoma kila kinachopita mikononi mwake. Hayo ndiyo marupurupu yetu.

Chenye jalada jekundu ni cha upelelezi. Mpishi wa hoteli anakutwa amekufa ndani ya chumba cha barafu, na kila mgeni alikuwa na kisa naye. Utamjua muuaji ukifika katikati, na utakuwa umekosea, kama nilivyokosea mimi.

Cha mapenzi nakutumia kwa amri ya wifi yako. Alikisoma jikoni akaunguza sufuria nzima ya mboga, na tulipolalamika akasema hatuna moyo. Mimi naona kimetiwa chumvi mno, ingawa ile sura ya kituo cha treni niliirudia mara mbili. Hilo usimwambie.

Nimekuwekea pia diwani ndogo ya mashairi. Soma moja kila asubuhi, usiyabugie yote kwa mkupuo kama ulivyozoea. Halafu kuna kumbukumbu za mkunga mmoja mstaafu, mwanamke mwenye ulimi kama wako. Atakuvunja mbavu.

Cha tano ni cha safari, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Unajua kwamba kitabu hushonwa kwa mafungu madogo ya kurasa, moja baada ya jingine. Hiki nilikifunga upya kwa ajili ya Baba, na kwa haraka zangu nikaliweka fungu la mwisho katikati. Sasa mpima ardhi, ndiye msafiri mwenyewe, anarudi nyumbani kabla hajapanda mlima, na punda wake anakufa, kisha kurasa chache mbele yuko anakula majani kwa raha zake. Niligundua kosa nilipokuwa nimeshamkabidhi, nikajiandaa kwa kishindo. Ni Baba huyu huyu, msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji hadi alipostaafu, aliyezirudisha kadi zangu za harusi kwa sababu ya mkato mmoja!

Alikaa nacho kibarazani wiki nzima, miwani puani, akifunua kurasa taratibu. Kisha akanirudishia. "Kitabu kizuri sana hiki, mwanangu. Na umekifunga vizuri." Nilimtazama, naye alikuwa akitazama pembeni kidogo ya uso wangu.

Nilimdanganya kwamba tunakwenda kubadilisha miwani, nikamfikisha kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto limebaki na mwanga kidogo, na daktari anasema operesheni inaweza kuuokoa mradi ifanyike kabla mwezi ujao haujaisha. Baba amekataa katakata. "Nimesahihisha watu maisha yangu yote," alisema, "mimi sisahihishwi na mtu." Tangu siku hiyo hataki litajwe. Kila jioni anakaa na gazeti, anajifanya anasoma, na sisi tunajifanya tunaamini. Naumia, mdogo wangu. Naogopa kuliko ninavyoweza kuandika.

Aliniapisha usiambiwe. Sasa nimeshakwambia, na akikasirika na akasirike. Mimi hanisikii. Wifi yako amembembeleza hadi amechoka. Mtu pekee aliyewahi kumshinda Baba kwa maneno katika nyumba hii ni wewe, tangu ukiwa huna meno ya mbele, na usidhani nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi vitabu vinne vimo ndani ya kifurushi, visome njiani. Cha tano nimekibakiza hapa, sijakifumua wala kukirekebisha. Njoo umsomee. Mwambie unataka kumsomea kama alivyokuwa akikusomea wewe ukiumwa, hilo hawezi kulikataa. Ukifika pale punda aliyekufa anapokula majani, usishtuke wala usiruke, soma vilevile. Atakukatiza kwa sauti ile ya zamani, aulize ni mpumbavu gani aliyekifunga kitabu hiki. Hapo mwambie kwa upole kwamba ndicho kile alichokisifu. Halafu mpe kitabu akipapase mishono yake, kisha mzungumze habari ya jicho.

Wifi yako anakusalimu sana. Wanangu wanamuulizia shangazi yao, na Mama Mdogo anasema kitanda chako ameshakitandika, ingawa hakuna aliyemwambia unakuja. Baba naye anakusalimu, anadhani nakuandikia habari za vitabu tu.

Mungu akulinde, na akufikishe kwetu kungali na mwanga.

Wako akupendaye,
kaka yako, mpumbavu aliyekifunga.