Wadudu Wangu wa Barazani

Nyaramba, Jumatano

Dada Bochaberi,

Huku mvua inanyesha na chai inachumwa vizuri. Mimi siku hizi nafuga wadudu. Ni wale wa kijivu wanaokaa chini ya migomba iliyooza na kujikunja wakiguswa. Nimewawekea udongo, majani makavu na mmea mdogo wa kando ya kijito ndani ya chupa kubwa ya kioo hapa barazani. Wa kwanza niliwamwagia maji mengi wakafa. Sasa nalowesha upande mmoja tu. Mama hunicheka: "Machogu, wenzako wanafuga kuku!"

Nawachungulia kila mara, maana kutulia siwezi na kutembea siwezi. Kile kidonda cha mguu hakijapona. Mwezi jana daktari alisema mguu ukatwe. Nilitoroka wodini, nikamdanganya mama kwamba nimeruhusiwa.

Leo ameniletea majani makavu, akauliza bila kuniangalia, "Ukirudi hospitali, hawa nitawalisha nini?"

Kumbe alijua. Nililia, dada, naye akanishika mkono mpaka nikanyamaza.

Tunaenda Jumatatu. Omba ruhusa kazini uje. Sitaki mama angoje peke yake nje ya chumba cha upasuaji.

Mdogo wako anayekutazamia,
Machogu