Wifi Anasomea Saikolojia, Wateja Wangu Wote Wanapanda Kwake

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla donge halijanikaba. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kazi kiko chini ya ghorofa tunaloishi, na kwa miaka mingi mwanamke akija kupimwa kiuno alikuwa ananimwagia na ya moyoni, nikawa mimi ndiye ninayejua nani kanuniana na nani, na kusema kweli hiyo ilinipa raha kuliko hata ushonaji, mpaka wifi yangu, mdogo wa mume wangu, akaanza kusomea shahada ya saikolojia. Hata mwaka wa pili hajamaliza, lakini wateja wakishachukua nguo wananiaga harakaharaka na kupanda kwake, nawasikia viatu kwenye ngazi, na mlango ukifungwa huko juu mimi huku chini nakata kitambaa mshazari kwa hasira. Jirani yetu, yule ambaye [hapa nimekata – Mshauri], alikuwa hapitishi siku bila kunieleza yake, leo ananiambia, "Dada, wewe punguza mikono tu, hayo mengine nimeshaongea na wifi yako." Mama mkwe naye, tangu [hapa pia nimekata], wimbo ni mmoja, "Mwanangu anajua kusikiliza," utadhani mimi nina pamba masikioni. Wifi mwenyewe hana maringo, na hilo ndilo linaniudhi zaidi, nikimuuliza wanaongea nini anatabasamu na kusema, "Wifi, nikutengenezee chai?"

Basi nimeamua na mimi nisome. Matokeo yangu ya sekondari ni mazuri, chuo chenye masomo ya jioni nimekipata, mume kakubali, na maombi yanafungwa Ijumaa. Wana saikolojia, sosholojia, ustawi wa jamii, na anthropolojia ambayo sijaielewa. Roho inataka saikolojia ileile, nimpite kwa alama, watu warudi kwangu. Ila maelezo ya sosholojia ndiyo niliyoyarudia mara nyingi, kwa sababu yanauliza ninayojiuliza siku zote, kwa nini watu wa ghorofa moja wanagombana kila maji yakikatika, na kwa nini mtu akipandishwa cheo anabadilisha mishono. Nichague ipi?

Fundi Mwenye Donge

*

Fundi, pole. Wivu unauma na sikucheki. Lakini umeniomba ushauri wa kozi, ukanimwagia ya jirani na ya mama mkwe kwa urefu na mapana, mimi nisiyewajua, tena katika barua ya gazetini! Nani alikuuliza? Wateja hawakuikimbilia shahada, maana hiyo bado hata hajaipata. Wamemkimbilia mtu mwenye kifua. Wewe huna, mama, na ile chai ndiyo namna ya wifi yako ya kukuambia hana ruhusa ya kusema ya watu.

Sasa kozi. Saikolojia inamtazama zaidi mtu mmoja mmoja, anavyowaza na anavyoumia, na ina hesabu za takwimu ambazo wengi hawazitarajii. Ustawi wa jamii utakutoa kitini uhangaike na familia zenye shida. Anthropolojia itakutaka ukae na watu muda mrefu mpaka uelewe wanavyoishi. Hayo yako ya maji na mishono ni sosholojia, na moyoni umeshachagua, ni wivu tu umekushika mkono. Ukijaza saikolojia ili umpite wifi, yeye atahitimu kabla yako, utabaki darasani na kozi usiyoipenda. Jaza sosholojia, usisubiri hiyo Ijumaa.

Ila hata huko utatumwa kuhoji watu, na aliyekueleza lake hatakiwi kutambulika. Anza mazoezi leo. Mteja akikumwagia, shona. Mume akiuliza mtaani kuna nini, mwambie hakuna. Ulimi utakuwasha, vumilia.

Kisha panda juu, umkalishe wifi yako, umweleze huu wivu wote kama ulivyonieleza mimi, usimfiche hata chembe. Kesho yake tega sikio ghorofa nzima. Hutasikia neno.