Nimeng'oa Uzi wa Bolti kwenye Gari ya Mama Mukwe

Mama Biasha, amahoro, amani kwako. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mama mukwe wangu atapanda gari yake kwenda Bujumbura pamoja na bibi yangu Kaoutar, ambaye yuko na mimba kubwa na daktari anamungojea, na ni mimi peke yangu ninayejua kama hiyo gari si ya kutegemea.

Jina langu ni Nasiri, fundi wa magari hapa Rumonge. Kazi nilijifunzia kwenye malori ya zamani, yale yenye mashine ya chuma kizito, ambako bolti unaikaza mpaka mukono ukatae ndipo unajua imeshika. Gari ya mama mukwe, Mama Hadija, ni ndogo na mashine yake ni ya aluminiamu, anabebea ndagala, wale samaki wadogo, kutoka Gitaza, na dereva wake ni Cikuru, mutu wa Uvira, mupole, amehamishia bibi na watoto huku na hana kazi nyingine. Sasa pompa ya maji ilikufa, mama mukwe akaniletea gari, nikafurahi sana kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza ananipa kazi tangu nimuoe binti yake, nikatia pompa mupya, nikafika kwenye bolti ya mwisho, nikasema hii lazima ishike kabisa, nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta, nikasikia imelegea ghafla kama jino linalotoka, na nilipoichomoa ikaja na vipande vya aluminiamu vimejiviringisha juu yake, yaani uzi wote wa ndani ya tundu, ile mikato inayoshika bolti, ulikuwa umeng'oka.

Niliogopa, Mama Biasha. Nikajaza gundi ya chuma kwenye tundu, nikarudisha bolti, nikaosha mashine mpaka ikang'aa, na Mama Hadija akanipikia samaki wa mukeke na ugali, akawaambia majirani, "Mukwe wangu ni daktari wa magari," nami nikala.

Gundi ilishika kidogo tu. Wiki hii Cikuru alikuwa anarudi kutoka Bujumbura, kabla ya kufika Gitaza akaona mashine inapata moto, akasimama palepale, maji yote yalikuwa yamevuja, akangoja ipoe, akajaza ya ziwani, akaja polepole mpaka Rumonge. Mama Hadija alimungojea kituoni na mbele ya madereva wote akamuambia, "Haukuangalia maji. Unataka kuniulia gari," akamunyang'anya ufunguo. Cikuru alikuja kwangu, akasimama mulangoni, akasema, "Fundi, ni wewe ulifungua pale. Uniambie tu kama nimekosa, nijue." Nikamuambia nitaangalia, halafu nikaingiza kichwa chini ya kapo, kile kifuniko cha mashine, kwenye gari ya mutu mwingine mpaka akaenda.

Gari iko kwangu sasa, mama mukwe ameileta niihakikishe kabla ya safari, amekwisha kutafuta dereva mwingine. Nimewaza nitie bolti nene kuliko ile, kwa nguvu, ninyamaze, mambo yapite. Wenzangu wanasema uzi wa aluminiamu ukitoka, mashine imekufa. Nikisema ukweli, Kaoutar ataaibika kwao, na mimi ile nyumba nitaikanyaga kwa miguu gani? Chakula hakipiti. Murakoze, asante.

Nasiri, Rumonge

*

Nasiri, barua yako haikungoja zamu. Uliandika namba ya simu chini yake, nikakupigia siku hiyohiyo. Sasa kwa kuwa ninyi nyote mumeniruhusu kuyaacha majina yenu yaonekane, wasomaji wengine wajue niliyokuambia.

Nilikugombeza kwanza, na sikuombi samahani. Kuvunja kitu kazini si dhambi, kila fundi amewahi kuvunja. Lakini mutu amenyang'anywa mukate wa watoto wake kwa bolti uliyoikaza wewe, amekuja kwako kwa adabu akikuuliza kama amekosa, ukajificha chini ya kapo. Hapo ndipo ulipokosa, si kwenye pompa. Tena huyo Cikuru ndiye aliyekuokoa: angelazimisha kuendelea na ile mashine ikiwa kavu, leo kweli ingekuwa imekufa.

Halafu nikakuambia upumue, maana kabla ya kukupigia nilimuuliza Zabroni, fundi wa Bujumbura anayetengeneza mashine za aluminiamu kila siku. Alicheka kidogo, kwa wema. "Mama, hiyo haijakufa. Asitie tu bolti nene kwa nguvu, atapasua." Akaniambia namna yake, nami nikakuambia wewe: utoe gundi yote, utoboe lile tundu lipanuke kidogo tu, ukishika mashine ya kutobolea wima na kupaka grisi kwenye ncha ili unga wa aluminiamu usidondoke ndani, ukate uzi mupya kwa chombo chake, kisha uingize kale kawaya ka chuma kalikoviringishwa kama resori, yaani springi ndogo. Bolti ileile ya zamani inaingia humo na kushika, pengine kuliko ilivyoshika gari ilipokuwa mupya. Vyombo alikutumia yeye mwenyewe kwa basi.

Ulitaka kushukuru na kukata simu. Nikakuuliza, "Na mama mukwe?" Ukasema utatengeneza kwanza. Nikakuambia uende kabla hujagusa hiyo gari, kwa sababu ukishaitengeneza utajidanganya kwamba hakuna tena cha kusema.

Ulikwenda. Uliponipigia tena sauti yako ilikuwa nyingine kabisa, nikalazimika kukuuliza kama ni wewe. Ulisema ulimukuta Mama Hadija akichambua muchele, ukapiga magoti, ukasema yote, hata la gundi, na yeye akaendelea kuchambua mpaka ukadhani hakusikia. Kisha akauliza, "Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka, mama."

"Kaoutar anajua?"

"Nimemuambia yeye kwanza. Ndiye aliniambia nije peke yangu."

"Basi gari ingoje. Nipe kitenge changu, twende kwa Cikuru, maana aliyemutukana ni mimi."

Mulipofika kwake, Mama Hadija akamurudishia ufunguo mikononi mwake, akamuambia, "Baba, nilikuonea." Cikuru akajibu kwamba gari ikiwa tayari ataiendesha, lakini atasimama pale aone ikitengenezwa. Akasimama, akakushikia taa wakati unatoboa. Ijumaa aliwapeleka Mama Hadija na Kaoutar, daktari akasema mutoto amekaa vizuri, wakarudi na chini ya gari hakukuwa na tone. Nawe umeniambia ulilala Jumamosi muchana kutwa, ukaamshwa na njaa. Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi kama vile gari ilikuwa yangu.

Lakini hatujamaliza. Lile bomba la kuongeza nguvu kwenye spana, kwa mashine za aluminiamu uliweke mbali. Tafuta ile spana yenye kipimo, inayokuambia "basi, inatosha" kabla mukono wako haujajua. Maji ya ziwa uyatoe yote, utie yale ya mashine. Siku utakayovunja kitu tena, maana utavunja, mwenye gari aambiwe na wewe mwenyewe siku hiyohiyo, akiwa bado anaweza kuchagua.

Na kituoni, je? Madereva walisikia Cikuru akiitwa muzembe, na bibi yake anapita hapo kila siku akienda sokoni. Mama Hadija amekwisha kumuomba radhi, lakini ilikuwa ndani ya nyumba. Nenda asubuhi, wakati wote wako pale wanangoja abiria, useme kwa mudomo wako kwamba bolti uliiharibu wewe na kwamba yeye ndiye aliyeokoa mashine. Usitume ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu, useme wasikie hata walio nyuma, kisha urudi kazini.

Mama Biasha