Kipande Kikubwa cha Mkate

Zori, upo? Usinipigie, siwezi kuongea.

Niko mjini Plovdiv, kwenye ile harusi niliyokuambia. Nimeimba Kipande Kikubwa, ule wimbo wetu wa kuwacheka wanaume wanaotaka kutawala kila kitu mpaka rimoti.

Ukumbi mzima ulikuwa unarukaruka. Mama mkwe akaleta mkate, maharusi wakauvuta, kila mmoja upande wake, mpaka ukakatika. Si unajua, mwenye kipande kikubwa ndiye mkuu wa nyumba.

Bibi harusi, Kalina, akabaki na karibu mkate wote!! Wanawake wakapiga kelele mpaka basi.

Nikamsogezea mumewe maiki: "Haya shemeji, mkuu wako huyo, unasemaje?"

Akatabasamu. Akamwambia Kalina, "Tukifika nyumbani utanitambua."

Kwenye maiki, Zori. Spika zote. "Tukifika nyumbani utanitambua."

Watu WAKACHEKA. Walidhani ni sehemu ya mzaha wangu. Na mimi nikaingia kwenye kiitikio. Niliendelea kuimba, unanielewa?

Baadaye nikashuka jukwaani kucheza horo, ile ngoma ya kushikana mikono. Kalina akaja kwenye duara, akanishika mkono, akaninong'oneza huku anatabasamu: "Dada, imba tena. Watu wakiwa wanacheza hanigusi."

Nikauimba tena hapohapo kwenye duara. Halafu tena. Sauti imekwisha. Sihisi kitu, hata hasira sina.

Sasa bendi inakunja nyaya. Watu wanavaa makoti.

Nakuandikia kwa mkono mmoja. Ule mwingine Kalina bado ameushika.