RAM ya Makambako na Vinyungu vya Bondeni

Jumatatu, 7 Julai

"RAM ni RAM, Mwalimu. Ikiingia kwenye sloti, imekubali." Ndivyo alivyoniambia Fundi Chesco juzi dukani kwake Makambako, bila hata kuinua macho. Si kweli. Imeingia na haijakubali. Nimeiweka kwenye kompyuta yangu asubuhi hii kabla ya chai, ikalala vizuri, vibano vikafunga pande zote mbili. Nikawasha. Feni inazunguka, skrini nyeusi, milio mitatu. Kimya. Milio mitatu tena. Ufunguo wa jirani nao huingia kwenye kitasa changu. Haufungui.

Nimeitoa, nikaacha ya zamani peke yake. Mashine imewaka. Basi mashine haina ugonjwa. Ugonjwa umetoka Makambako.

Niandike kwa nini naogopa. Tarehe 18 kamati ya kata inakaa. Mzee Lukelo, bwana miti mstaafu, ameomba apewe bonde lililo chini ya mtaa wetu wa Ramadhani, apande milingoti, yaani mikaratusi, mpaka ukingoni mwa kijito. Ameandika kwenye ombi lake kwamba bonde halina wenyewe. Lina wanawake thelathini na mmoja. Kila kiangazi wanalima vinyungu mle, matuta yao kwenye unyevu, mahindi na mboga wakati huku juu udongo umekauka kama tofali. Dada yangu Vumilia ni mmoja wao. Hana shamba jingine.

Kamati imetaka ramani yenye vipimo vya satelaiti, si ya mkono. Kila kinyungu, mpaka wake, jina la mwenye nacho. Nilifundisha jiografia miaka ishirini na mitatu, hiyo naiweza. Mashine ndiyo haiwezi. Ina GB nne. Ikifika kinyungu cha ishirini inagota.

Zimebaki siku kumi na moja.

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimeandika na glavu.

Nimezilaza RAM mbili mezani, nikahesabu vile vipande vyeusi. Ya zamani ina vinane. Ya Chesco ina tisa, na kingine cha ziada katikati. Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Aina hii ni ya mashine kubwa za ofisi, zile zinazohudumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Sloti inafanana. Lugha haifanani. Ya nyumbani haiisikii kabisa.

Kumbe nilikuwa sahihi. Sijafurahi. Siku moja imekwenda.

Jumatano, 9 Julai

Makambako na kurudi. Mashine mapajani, nimeifunga kitenge.

Kabla ya kuondoka nimechomoa RAM yangu ya zamani, nikaiweka kwenye kikasha cha miwani, kikasha kwenye mkoba. Nani asiyewajua mafundi? Unapeleka mashine na vyake, inarudi na vya mwingine. Mwalimu mwenzangu alirudishiwa yake ikiwa na diski ndogo kuliko aliyopeleka. Mimi sijawahi kuwa mtu wa kuibiwa, na sitakuwa. Nimekaa kwenye stuli, nimekodolea macho mikono ya Chesco kama msimamizi wa mtihani.

Nimeshangaa. Hakubisha. Amehesabu vile vipande tisa, akacheka, akasema aliuziwa ndani ya lundo la vitu vya ofisi fulani, kwamba naye amepigwa. Akanipa nyingine ya GB nne, ya vipande vinane. Kisha akauliza ya zamani iko wapi, aziweke pamoja azione.

Nikamwambia imeungua.

Sijui kwa nini nimeweza kusema hivyo bila kupepesa. Mkoba ulikuwa mapajani. Ameniangalia kidogo, akaipima ile mpya peke yake kwa programu ya kupima. Saa nzima. Safi, hakuna kosa hata moja.

Nimefika nyumbani jioni, nikaziweka zote mbili. GB nane. Ramani imefunguka kwa pumzi moja. Nimeimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 10 Julai

Imezima saa nne asubuhi. Skrini ya bluu.

Saa tano na robo, tena.

Mchana mara mbili. Ya pili nilikuwa naandika jina la mtu.

Nimempigia Chesco. Anasema kwake ilipita. Anasema niilete. Nimemwambia mimi si mpanda magari wa kulipwa. Nahifadhi kazi kila baada ya dakika tano, kwenye mashine na kwenye flashi. Naiangalia kila feni ikibadilisha sauti. Siipendi hofu hii. Inanigeuza mtu mdogo.

Ijumaa, 11 Julai

Imezima mara sita. Nimekasirika, nimeandika. "Makambako, Njia Panda ya Takataka." Kurasa mbili. Nimesema mji ule unapokea mabaki ya nchi nzima na kuyauza kwa watu wa mlimani kwa sababu wanadhani sisi hatusomi. Nimemtaja Chesco kwa jina na duka lake liliko. Nimeituma kwenye makundi matatu ya simu: la walimu, la usharika, la wafanyabiashara.

Ni barua nzuri. Ina meno. Nimejisikia vizuri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya.

Dada Vumilia amekuja kuiona ramani. Amevaa sweta lake la kanisani, kana kwamba anapigwa picha. Nimefungua. Safu ya juu ipo. Ya kati ipo. Ya chini, karibu na kijito, ni mistari imepandana kama uzi ulioangushwa. Vinyungu tisa havipo. Nimechomeka flashi. Hali ni hiyohiyo. Nilikuwa nahifadhi uharibifu juu ya uzima kila baada ya dakika tano. Na hivyo tisa niliviingiza moja kwa moja kutoka kwenye simu, nikafuta kwenye simu, sikuandika daftarini.

Dada ameinamia skrini kwa muda mrefu. Akauliza chake ni kipi. Nikamwambia kilikuwa hapa.

"Lukelo anasema hatupo," akasema. "Sasa na ramani yako inasema hatupo."

Hakupandisha sauti. Amekunywa chai yake, akaosha kikombe, akaenda. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani wamenishika mkono kwa ile barua. Mwalimu umewapasha. Mwalimu hao ndiyo zao. Mama mmoja wa kwaya amesema mumewe yuko Makambako, na jana, baada ya kuisoma barua, amekwenda kuchukua kompyuta yake kwa Chesco ikiwa bado imefunguliwa, skrubu kwenye mfuko wa nailoni. Na hakuwa peke yake pale, kulikuwa na foleni. Ameniambia kama mtu anayeleta zawadi. Nimetabasamu.

Baada ya chakula nikafanya nilichopaswa kufanya Alhamisi. Nimepima. Mpya peke yake: safi. Ya zamani peke yake: safi. Nimebadilisha sloti, nikarudia. Safi, safi. Kisha zote mbili pamoja. Dakika ya tisa skrini ikajaa mistari myekundu mpaka chini.

Hakuna iliyo mbovu. Haziwezani tu. Ndicho Chesco alichotaka kukiona Jumatano alipouliza ya zamani iko wapi. Ningefungua mkoba, angekiona ndani ya saa moja, na vinyungu tisa vingekuwepo.

Mimi ndiye niliyeiharibu ramani. Nimeliandika kosa hilo. Halipungui uzito kwa kuandikwa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefika kabla hajamaliza kufagia mlangoni. Duka halina mtu. Kwenye rafu zake kuna alama za vumbi mahali zilipokuwa mashine.

"Kamwene, Mwalimu," akanisalimu kwa kilugha. "Karibu kwenye takataka."

Nimefungua kikasha cha miwani, nikaiweka RAM juu ya meza yake. Ameitazama. Akanitazama mimi.

"Hii si iliungua? Imefufuka lini?"

Nimemweleza yote, nimesimama, kama mtoto wa darasa la tatu. Kwamba nilidhani angeiba. Kwamba ilikuwa mkobani, hatua moja kutoka kwenye mkono wake. Amecheka kwa muda mrefu, kicheko kisicho na furaha ndani. Watu kumi na moja wamechukua mashine zao, amesema. Wawili walikuwa wateja wake tangu afungue.

Kisha, na hili sitalisahau, akavuta kiti akaanza kazi. Amezisoma RAM zote mbili kwa kioo cha kukuzia. Moja imetengenezwa iende kwa umeme mdogo zaidi, nyingine kwa umeme wa kawaida, na mwendo wao si mmoja. Bodi nyingine huzisuluhisha. Hii yangu ya kizamani inajaribu, inaweza kwa saa moja mbili, halafu inachanganyikiwa. Amepekua boksi lake mpaka akapata pacha wa ile mpya, herufi kwa herufi. Ameziweka pacha zote mbili. Yangu ya zamani amenirudishia mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake.

"Usije ukasema nimeibadilisha."

Amepima saa mbili. Safi.

Nimemuuliza anataka nini kwangu. Hakufikiri.

"Uandike tena. Kwa sauti ileile uliyonitukania."

Jumanne, 15 Julai

Nimeandika. Makundi yaleyale matatu, herufi kubwa zilezile juu. "Nilimdanganya Fundi Chesco." Nimesema nilichomoa, nilificha, nilimwambia imeungua, kisha nikamshitaki kwa kosa nililolificha mimi. Nimesema waliochukua mashine zao wazirudishe.

Maisha yangu yote nimewadai watu wakiri. Sikujua kwamba ukikiri, masikio yanawaka.

Saa saba Mzee Lukelo amejibu kwenye kundi la usharika. Mstari mmoja. "Mwalimu mwenyewe anasema ni mwongo, sasa tusubiri na ramani yake." Wamecheka wengi. Wengine walinishika mkono Jumapili.

Ana haki ya kuutumia uongo wangu. Ningekuwa yeye ningeutumia. Hilo ndilo linanitisha: ni hoja nzuri. Jina langu lilikuwa liibebe ramani hii, na jina langu halibebi kitu tena.

Jumatano, 16 Julai

Bondeni asubuhi na Dada Vumilia. Sakitu juu ya nyasi, nyeupe, inavunjika chini ya buti. Tumepima upya vinyungu tisa. Yeye anasimama kwenye pembe na jembe lake, mimi na simu, naandika pia daftarini, kwa kalamu, kila namba. Amenionyesha mfereji aliouchimba mama yetu. Sikujua kama ndio ule. Nilikuwa nimeuchora tu kama mstari.

Nimemwambia alichosema Lukelo. Akasema amekisikia, mtaa mzima umekisikia. Nikamwambia ramani yangu haitaaminiwa.

"Basi isiwe yako," akasema, akaendelea na pembe inayofuata.

Mchana kutwa mashine haijazima. Vinyungu thelathini na kimoja. Nimehesabu mara nne. Sijaamini hata mara moja.

Alhamisi, 17 Julai

Nimechapisha kwenye karatasi kubwa. Tumezunguka nyumba kwa nyumba, Dada na mimi. Kila mwanamke ametafuta kinyungu chake, akakibishia mpaka akaridhika, akasaini ndani yake kwa mkono wake. Wanne wameweka dole gumba. Mmoja amenirudisha kusahihisha ukingo kwa hatua mbili. Alikuwa sahihi.

Jina langu nimelifuta.

Ijumaa, 18 Julai

Lukelo alikuja na barua yangu ya kukiri imechapishwa. Ameisoma yote mbele ya kamati, polepole, kwa sauti ya misa. Kisha akasema, huyu ndiye mtoa ushahidi wao. Mwenyekiti akaniuliza kama niliandika mimi.

"Niliandika. Nilidanganya kuhusu RAM, na nimesema hivyo. Ndiyo maana ramani hii haina saini yangu. Someni zilizopo."

Wameikunjua mezani. Wameinama, wote. Lukelo amesema saini zinaweza kuwekwa na mtu yeyote, sehemu yoyote, na bonde ni bonde tu. Wamebishana karibu saa mbili. Sikuruhusiwa kusema tena. Nimekaa nimeng'ata ulimi mpaka nikasikia ladha ya chuma.

Uamuzi: hakuna uamuzi. Kamati itashuka bondeni yenyewe Jumanne asubuhi, na ramani mkononi, kuona kama kuna watu.

Ramani haijashinda, haijashindwa.

Jumamosi, 19 Julai

Kumetulia. Jua dogo. Ukungu umeondoka mapema.

Mashine imewaka tangu asubuhi. Siiangalii tena kila feni ikibadilisha sauti. Dada Vumilia yuko jikoni anachambua mboga na kuongea peke yake. Chesco ametuma ujumbe: watatu wamerudisha. Watatu kati ya kumi na mmoja. Nimeandika namba hiyo hapa ili niione.

Jumanne inanitia hofu kuliko yote yaliyopita, kwa sababu hakuna ninachoweza kuichorea. Limebaki tangazo la kuwaita wanawake. Nimeliandika mara tano, kila mara likiwa refu, kila mara nikimtukana Lukelo mahali fulani katikati. Hili ndilo nitakalopeleka nyumba kwa nyumba leo jioni:

Kwa wanawake thelathini na mmoja wa bondeni. Jumanne tarehe 22, saa mbili asubuhi, kila mmoja asimame ndani ya kinyungu chake, na jembe. Usimtume mume. Usimtume mtoto. Usisimame kwa jirani kupiga soga. Mimi sitasema neno. Wakikuuliza hapa ni pa nani, jibu wewe.