Vumbi la Kigari cha Babu

Jumatatu, 5 Februari

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimetulia, maana mama aliniambia rangi za magari zimekukohoza sana. Mimi sijambo, ila macho yangu yanachoka kwa kutazama vitu vidogo mchana kutwa.

Pamoja na barua hii kuna sanduku. Lifungue taratibu, mezani, si mapajani. Ndani utakuta gari la deraya, urefu wake kama mkate, mfano wa lile ambalo babu aliliendesha jeshini ujanani. Nimeliunda mwenyewe kwa bati na plastiki, nikifuata picha za makumbusho. Sasa lina rangi ya chini tu, praima ya kijivu, kama mtu aliyetoka kuoga na hajavaa.

Mkuu wa karakana yetu, mama mmoja ambaye miwani yake inaishi kwenye paji la uso, amesema hili ndilo jaribio langu. Mzee aliyeliendesha akilitazama na kusema ndilo, litaingia kwenye kabati la vioo la makumbusho, nami nitapewa kiti changu karakana. Akikataa, nifungashe nirudi nyumbani.

Mwonyeshe babu. Muulize umbo likoje, na muulize gari lile lilichafukia wapi na kuchakaa wapi, ndipo nijue pa kulizeesha. Ila Mjomba, nakuomba sana, wewe usilipake kitu.

Mpwa wako


Jumapili, 25 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba tena. Huku wote wazima. Mama yako anakusalimu. Babu yako yupo kwenye kiti chake cha dirishani, anakula vizuri, na maneno yake ni yale yale machache. Kifua changu usikiogope. Daktari alipokisikiliza alirudi nyuma kidogo, akasema kifua hiki kingefaa kuwa honi ya meli.

Sanduku limefika. Uliandika nisilipake kitu, nilisoma. Lakini unajua mimi ni nani. Mtaa mzima unaniita Kioo, na jina hilo sikujipa. Magari yangu watu hunyolea ndevu mlangoni. Yupo bwana harusi aliyekataa kupanda gari nililompigia rangi, akidai kuna mwanamume mwingine ndani kavaa suti kama yake. Sasa mtu kama mimi umletee kitu cha kijivu, kina mibonyeo mbavuni, vyuma vimeachana kwenye maungio, halafu utegemee nilale? Nikaziba kwa puti. Nikapiga msasa wa maji. Nikapiga kijani, nikarudia, nikaweka vanishi, nikamalizia kwa kitambaa laini. Mpwa wangu, kimetoka. Nzi alitaka kutua akateleza.

Nikakibeba juu ya sinia hadi kwa babu yako. Mama yako akaniuliza nakipeleka jeshini au harusini. Wivu huo. Mzee akakipokea, akakigeuza, akauona uso wake mwenyewe ubavuni. Akautazama muda mrefu kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Kisha akasema, "Hili la mtu mwingine." Akanirudishia, akageukia dirisha.

Usihangaike. Ni uzee tu. Nitamwonyesha tena siku akiwa ameshiba.

Mjomba wako


Jumatatu, 11 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za kifua, na za nyumbani? Mimi mzima. Nimekaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kuijibu, ili nisikukosee adabu.

Mibonyeo uliyoiziba niliitengeneza mimi. Kila mmoja.

Kazi yetu hapa ni kinyume cha yako, Mjomba. Wewe unapokea gari lililochoka unalirudishia ujana. Sisi tunapokea jipya tunalitafutia maisha. Nachukua rangi ya mafuta, naifanya nyepesi kama maji machafu, naiacha itembee yenyewe kwenye maungio mpaka kila msumari upate kivuli chake. Nachovya kipande cha sponji, nagusa kingo tu, na rangi inaonekana imebanduka. Mwisho ni vumbi, unga laini wa rangi ninaoupuliza kwa brashi kavu. Unga ule hauanguki upesi. Unaelea mbele ya taa, nami nasahau niko wapi, naona barabara.

Lakini kila doa lazima liwe na sababu. Mkuu anaweka kidole na kuuliza, nani aligusa hapa? Nikikosa jibu, nafuta.

Mvua zikiisha kabati linafungwa. Nirudishie gari, na unisaidie: babu aligusa wapi? Usiniandikie unachokijua wewe. Nitazamie yeye.

Mpwa wako


Jumapili, 17 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko wazima, namshukuru Mungu, ingawa barua yako ilinikalisha chini.

Unataka sababu? Ninazo gunia zima. Mimi si mtu wa kusimuliwa habari za gari lile, nilibebwa humo ndani nikiwa bado sijaota meno. Mlio wake mpaka leo nautoa kwa mdomo, na nikiutoa mbwa wa mtaa wanahama. Basi andika. Upande wa kulia weka tope jekundu mpaka juu, kwa sababu babu yako alivuka mto kwa chini, amebana pumzi, na alipotokea ng'ambo askari walikula samaki waliokwama kwenye magurudumu. Mgongoni weka kucha za chui. Chui yule alipanda akidhani ni jiwe, akasafiri nao hadi kambini, akapewa cheo. Mbele weka alama ya risasi iliyogonga ikaomba radhi.

Mzee mwenyewe hasemi haya kwa sababu ya unyenyekevu. Ndiyo maana Mungu akamjalia mtoto wa kusema kwa niaba yake.

Kigari kinakuja. Nimekipaka nta ya safari kisipate vumbi njiani.

Mjomba wako


Jumapili, 28 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Huku hawajambo wote isipokuwa mimi. Barua yako sijaiona tangu niliyokutumia mwisho. Mleta barua akiniona nimesimama mlangoni, anavuka barabara. Nilimuuliza mama yako una nini, akasema, "Mtoto anangoja jibu, wewe unampa chui mwenye cheo."

Basi nimefanya jambo ambalo mtaa huu haujapata kuliona. Nimenyamaza.

Nimekuwa nikichukua kigoda na kukaa karibu na babu yako baada ya chakula cha mchana, saa ile jua linapoingia dirishani na vumbi linapanda na kushuka ndani ya mwanga. Siwezi kuapa kwamba nakuwa macho wakati wote, usingizi wa mzee unaambukiza. Chumba kinatulia, kinatulia, halafu kinaanza kwenda. Ukuta unarudi nyuma taratibu. Pazia linavuta kama tuko mwendoni. Na babu yako, macho kayafumba, anaendesha.

Mguu wa kushoto unakanyaga. Chini ya kiti chake saruji yetu nyekundu imelika, imebaki kijivu, umbo la kisigino kabisa, na mimi miaka yote nilidhani kiti kinakwaruza. Mkono wa kulia umekamata ncha ya mkono wa kiti, unasukuma, unavuta, unasukuma. Hapo mbao imelainika kama sabuni iliyotumika. Kisha mkono wa kushoto unapanda juu ya kichwa na kusukuma hewa, kwa kitako cha kiganja, si kwa vidole. Mfuniko wa gari, ule wa juu ya dereva, unafunguka. Unaona kabisa uso wake ukipata upepo. Kiwiko anakilaza nje, ukingoni, na kidole gumba kinasugua, kinasugua, mahali pamoja. Kwenye kiti, mahali hapo ni peupe.

Kiti hicho kila mwaka nakipiga msasa na vanishi. Kila mwaka nasema mzee huyu anaharibu kiti, namrudishia kinang'aa, naye anaanza upya bila kulalamika. Mwaka huu vanishi nimeiweka juu ya kabati. Si kwamba imeniishia.

Jana nikamuuliza kwa sauti ya chini, angali njiani, tope liko upande gani. Hakufumbua macho.

"Tope hakuna. Vumbi. Jeupe, mpaka kwenye meno."

"Liko wapi, baba?"

"Nyuma kote. Mbele tunaliacha."

Nami nikasinzia, nikajiona mdogo kama njiti ya kiberiti, nimekaa nyuma ya mgongo wake ndani ya gari lile. Nilitamani safari isiishe.

Kwa hiyo andika vumbi jeupe, nyuma. Ule mto ufute. Ulikuwa wa gari jingine.

Mjomba wako


Jumapili, 9 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mimi mzima. Kila nilipoketi kukuandikia, nilisoma tena barua yako badala ya kuandika yangu.

Vanishi yako nimeikwangua kwa shida, Mjomba. Ilikataa kutoka. Kweli wewe ni fundi.

Nilianza na kiganja. Nikapausha rangi ya mfuniko pale panapoingia kitako cha mkono wa kushoto, nikafifisha sakafu ya dereva panapokanyaga kisigino, nikamwaga vumbi jeupe nyuma, likajaa kwenye maungio, likapungua kuelekea mbele hadi likaisha. Mkuu akaweka kidole, akauliza nani aligusa hapa. Nilimjibu kila mahali bila kusita. Akashusha miwani machoni, jambo ambalo hafanyi kwa kila mtu.

Pamebaki pale ukingoni, pa kidole gumba. Nimeweka tone tu la rangi ya chuma. Sikuwa na hakika.

Linakuja kwenu. Mvua zinaelekea mwisho na kabati linangoja. Akisema ndilo, au akisema silo, niandikie maneno yake vile vile. Usiongeze.

Mpwa wako


Jumapili, 30 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Tu wazima. Sitaongeza.

Nilimwekea mapajani wakati jua limefika kwenye magoti yake. Sikusema kitu, mama yako ni shahidi, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mzee akalitazama kwa nyuma kwanza. Akapitisha kidole, akakiangalia kidole, kikiwa na weupe kidogo. Akasema, "Hili halijaoshwa."

Kwangu neno hilo ni la kumwambia mteja mkorofi. Lakini yeye alilisema kama mtu aliyepokelewa nyumbani.

Akaligeuza. Akausukuma mfuniko kwa kitako cha kidole, maana kiganja hakingeenea. Ukafunguka. Gumba likashuka ukingoni lenyewe, likakuta lile tone lako, likaanza kusugua.

"Ndilo," akasema.

Halafu akanitazama mimi, mpwa wangu, akanitazama kama mtu anayenijua kazini, akasema, "Washa, twende."

Nami nikawasha. Unajua nimejisifu sana kwa mlio ule. Kumbe sijawahi kuutoa mbele yake. Nilianza chini, kifuani, hiki hiki kibovu. Alipokanyaga nikashusha sauti, aliposukuma gia nikapandisha, kwenye kilima nilikohoa naye akaitikia kwa kichwa, kumbe hata lile gari lilikuwa linakohoa. Mama yako hakunicheka. Aliweka mwiko chini akaja kukaa sakafuni, nyuma, mahali pa abiria. Tulikwenda hadi jua likatoka chumbani. Tulifika wapi sijui, na kwa mara ya kwanza maishani sina la kubuni.

Alikaa nalo siku kadhaa, halali bila hilo, analisugua mahali pale pale. Sikuthubutu kulidai, ingawa najua kabati linangoja na kiti chako kipo ndani ya mambo haya. Leo asubuhi akanipa mwenyewe. Akasema, "Lirudishe kambini. Mafuta yapo."

Pale ukingoni rangi yako imekwisha, hata praima imekwisha, limebaki bati tupu linang'aa kama jicho. Nilishika brashi ili nikurekebishie. Nikairudisha koponi. Nimekifunga bila nta.

Mjomba wako


Ijumaa, 12 Julai

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mnishikie miguu ya babu. Mama mwambieni nampenda. Mimi mzima, mzima sana.

Mkuu alisoma maneno ya babu, kisha akaliweka gari chini ya taa na kulizungusha. Alipofika ukingoni mwa mfuniko alisimama. Akauliza, "Hapa umetumia nini? Mimi sijawahi kuipata rangi hiyo."

Nikamwambia hapo sikupaka mimi. Nikamwambia ni nani.

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Sasa gari limo ndani ya kabati, na ameuelekeza upande ule dirishani, ili jua la mchana likifika lipaone.

Kiti nimepewa. Kipya, cha mbao, kimepigwa vanishi hadi naona uso wangu mkononi mwake, ungekisifu. Usije ukanitumia kopo la vanishi, Mjomba. Tangu jana nimeshaanza kukisugua kwa gumba.

Mpwa wako