Kiti cha Mbele, Istaravshan

Yekaterinburg, 9 Februari 2018

Baba,
Assalamu aleikum. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, nakula vizuri.

Usicheke: naigiza filamu. Mwongozaji, Zulfiya, mwenzetu kutoka Dushanbe, anataka watu waliofikishwa kweli mahakamani huku kwa Warusi kwa kesi za uhamiaji. Alinipa nafasi ya mwanamke anayempigia hakimu magoti ili asifukuzwe nchini. Nikamwambia mimi sikupiga magoti. Waliponipa karatasi nisiyoielewa nitie saini, nilisema, “Naomba mkalimani, ni haki yangu.” Kesi ikaahirishwa, mkalimani akaja, nikatozwa faini nikabaki. Zulfiya akafuta ukurasa mzima, akaniambia nicheze hivyohivyo.

Kuna pia kijana anayefukuzwa. Kisa chake nimewapa mimi. Ni cha kaka Parviz.

Binti yako,
Mehrangiz

Istaravshan, 3 Machi 2018

Binti yangu,
Waaleikum salaam. Nakohoa, ila nyundo bado naiinua, na visu vyangu vinauzika.

Umefanya vema kusimama wima. Marehemu mama yako angetamba sokoni. Lakini habari za Parviz usiniandikie. Serikali ya huko haimfungii mtu mlango miaka mitano bure, lipo alilofanya. Tangu wamrudishe yuko kwa wakwe zake, akae hukohuko. Karakanani kwangu asikanyage.

Baba yako

Yekaterinburg, 20 Oktoba 2018

Baba,
Salamu nyingi. Barua zangu mbili hukuzijibu, lakini jirani ameniambia u mzima, nami nimeshukuru.

Filamu inakuja kwenu, ukumbi wa utamaduni, Ijumaa ya kwanza ya Novemba. Sikuombi umsamehe mtu. Nakuomba ukae mpaka mwisho.

Binti yako,
Mehrangiz

Istaravshan, 11 Novemba 2018

Mehrangiz mwanangu,
Waaleikum salaam. Mimi mzima, na sasa naandika kirefu.

Nilienda. Walinipa kiti cha mbele, baba wa msanii. Akatokea yule kijana mbele ya hakimu. Anaulizwa kwa Kirusi, anajibu “ndiyo”. Anaulizwa tena, “ndiyo”. Umefanya kazi bila kibali? Ndiyo. Hutaki mkalimani? Ndiyo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Parviz tangu utotoni ukimkaripia hukubali kila kitu ili yaishe. Ndivyo alivyokubali na pale, akatia saini, akapandishwa ndege.

Nikasimama nikawageukia. Nikasema, “Nyamazeni. Huyo ni mwanangu, na hajui anachoulizwa.” Wakanyamaza. Nikakaa mpaka mwisho, kama ulivyoomba. Ulipotokea wewe walipiga makofi, nami nikapiga kuliko wote.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa wakwe zake. Nilimkuta anapasua kuni. Nikamwambia, “Kesho njoo mapema, mkono wangu wa kulia umechoka.” Akanitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia avae viatu vigumu.

Yuko hapa wiki nzima sasa. Visu viwili ameviharibu, cha tatu kimetoka kikali kuliko changu, sijamwambia. Vijana wanaojiandaa kusafiri wanakuja kumuuliza mambo ya mahakama, naye anawaeleza bila aibu. Mwanasheria uliyemtaja katika barua nisizozijibu, wa kumfungulia Parviz mlango, asubiri. Parviz anasema ataamua mwenyewe kama anataka kurudi huko, na safari hii neno lake ni lake.

Naishia hapa. Ananiita, chuma kimeiva.

Baba yenu